Jenereta au Tanuri?



Kaka zetu waliomaliza hapa wameuliza watuletee nini: jenereta ya taa za bwenini, au tanuri la umeme la chumba cha sayansi. Wenzangu wengi wataka jenereta, na sababu yao ni ya kweli. Hapa Musaga umeme hukatika usiku, na mitihani haingoji. Hata hivyo mimi nachagua tanuri.

Kusini ya Bujumbura, yapata kilomita 20, iko milima ya Gakara, yenye mishipa ya mawe ya madini adimu: seriamu, lanthanamu, neodimiamu. Yalichimbwa tangu zamani za Wabelgiji. Mwaka 2017 kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza tena, na mwaka 2021 Serikali ikaisimamisha, ikisema nchi haipati bei ya haki. Nauliza: katika shule yetu nani awezaye kusema bei ya haki ni ipi, ikiwa hajapata kuona jiwe hilo lafanya kazi gani?

Na kazi yake ni ya ajabu. Mwaka 1911 Kamerlingh Onnes, huko Leiden, aliona kwamba zebaki ikipozwa hadi digrii 269 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Baridi hiyo ni ghali mno. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, huko Uswisi, walioka unga wa bariamu, shaba na lanthanamu (ndiyo hiyo hiyo ya Gakara!) wakapata tabia ile kwa baridi ndogo zaidi. Mwaka 1987 Wu na Chu, Marekani, wakatia yitriamu mahali pa lanthanamu, na digrii 180 chini ya sifuri zikatosha. Naitrojeni ya majimaji hupita hapo kwa urahisi.

Sasa wataalamu huutandaza mchanganyiko huo juu ya utepe wa chuma, uwe utando mwembamba kuliko unywele. Ugumu ni kuzipanga chembe zote zielekee upande mmoja, maana zikipishana umeme hukwama mipakani. Mwaka 2021, Massachusetts, tepe za namna hiyo zilitengeneza sumaku ya tesla 20.

Utando huo hatuuwezi. Wataka vyombo ambavyo hatuna. Lakini kigae twakiweza. Oksaidi ya yitriamu, kaboneti ya bariamu na oksaidi ya shaba husagwa pamoja, huokwa kwa digrii zipatazo 950, kisha hupozwa polepole katika oksijeni. Wanafunzi wa sekondari huko California walikifanya mwaka uo huo wa 1987. Bariamu ni sumu, basi mwalimu awepo.

Mtacheka: tanuri la umeme, na umeme wenyewe hakuna! Tutaoka siku ukiwapo. Ukikatika tutasaga na kuoka tena, kwani hata wataalamu huoka unga huo mara kadhaa.

Sisemi kigae kitawasha taa za Musaga. Nchi yetu yapungukiwa na umeme wenyewe, na waya bora hauzalishi umeme. Jenereta ingetupa mwanga leo, hadi mafuta yaishe, na mafuta katika mji huu mwayajua.

Kaka zetu, mkikubali, ongezeni mizani ya kupima sehemu za gramu. Tuliyo nayo yafaa viazi.