Chanjo ya DNA na homa ya ini: mnaogopa kitu ambacho hata hakipo hospitali



Wiki hii pale vimbweta kumekuwa na mjadala mkali kuliko hata ule wa boom kuchelewa. Wenzetu wa udaktari na uuguzi wanakaribia kwenda wodini, wameambiwa wakachanjwe homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza. Baadhi wamegoma. Sababu? Eti "hizo ni chanjo za DNA, zinakubadilisha vinasaba". Mtu wa mwaka wa tatu huyo, anaongea bila wasiwasi kabisa!

Jamani, hapo vimechanganywa vitu viwili. Chanjo ya kawaida, ambayo aina yake ilianza kutumika Marekani mwaka 1986, ni protini tupu. Wanachukua jeni moja ya kirusi, wanaiweka kwenye hamira (ndiyo, ndugu yake hamira ya maandazi), hamira inatengeneza protini ya ganda la nje la kirusi, protini inasafishwa, ndiyo unayodungwa. Mkono utauma siku moja mbili, pengine na kahoma kidogo. Mzio mkali upo, ila ni kama mara moja katika dozi milioni moja.

Chanjo ya DNA ni habari nyingine. Unadungwa maelekezo, yaani kipande cha duara cha DNA kiitwacho plasmidi, ili seli zako zenyewe zitengeneze hiyo protini. Je, kipande hicho hakiwezi kujipachika kwenye vinasaba vyako? Swali hilo si la kijinga, wanasayansi wenyewe walijiuliza mapema. Walipotafuta kwenye wanyama, uwezekano ulionekana kuwa mdogo kuliko hata mabadiliko ya vinasaba yanayotokea yenyewe mwilini.

Mimi naona tunauliza swali la pili na kuruka la kwanza: hivi inafanya kazi? Panya walipata kinga safi tangu miaka ya 1990. Binadamu ni wagumu. Ufaransa walijaribu kwa wagonjwa 10 wenye homa ya ini B sugu, matokeo yakatoka 2004, watu wakapata matumaini. Wakaja na jaribio kubwa zaidi, wagonjwa 70, likachapishwa 2015. Chanjo ilivumilika vizuri tu, lakini dawa ziliposimamishwa kirusi kilirudi kwa waliochanjwa sawasawa na wasiochanjwa. Basi.

Na kwa mgonjwa sugu kuna hatari ambayo hata haikutajwa kimbwetani. Ukiiamsha kinga ya mwili, itashambulia seli za ini zenye kirusi, na ini linaweza kuvimba. Kama ni kuogopa, tungeanzia hapo. Ila mpaka leo hakuna chanjo ya DNA ya homa ya ini iliyoidhinishwa kwa watu popote. Ile ambayo India iliiruhusu kwa dharura mwaka 2021 ilikuwa ya korona.

Sasa rafiki yangu anakataa sindano ya protini kwa kuogopa chanjo ambayo hawezi kuipata hata akiitafuta, halafu mwezi ujao anakwenda kushika sindano zenye damu za watu. Kwa hesabu za WHO, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na milioni 1.1 walikufa nayo.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo ma-braza na ma-sista mliozaliwa kabla ya hapo, nawaangalia nyie hasa. Pima kwanza, maana ukiwa nacho tayari chanjo haikusaidii kitu, unahitaji daktari. Ukiwa salama, ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Na nyie wadogo, pigeni simu nyumbani, mwambieni mama aitafute ile kadi ya kliniki.