Lami imefika Mbamba Bay, je ufukwe utabaki wa nani?



Mtu wa Dar akisikia likizo ya kuendesha gari mwenyewe kandokando ya maji, akili inakwenda Unguja moja kwa moja. Unashuka kwenye boti, unakodi kigari, asubuhi Nungwi, mchana Paje, jioni uko Forodhani na sahani ya urojo. Kisiwa kina kama kilometa 85 kwa urefu, hata ukipotea hupotei sana.

Mimi leo nataka tuongelee mzunguko mwingine. Hauko kisiwani, lakini unauzunguka kama kisiwa na kurudi ulikoanzia: Songea, Mbinga, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, Kitai, halafu Songea tena. Niliuzunguka Agosti 2024 na jamaa zangu wawili kwa gari la mmoja wetu, maana kukodi gari Songea bila dereva ni shughuli. Kila tuliyemuuliza alitaka tuchukue na dereva wake, na kwa njia zile siwalaumu.

Mpaka Mbamba Bay ni lami tupu. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilometa 78, kilijengwa kwa fedha za Wamarekani wa MCC. Cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wenyeji wanakumbuka zamani wakati wa masika, basi linalala porini na abiria ndani. Sasa ni safari ya saa moja na kitu. Mnapita kwenye kahawa na yale mashamba ya ngolo ya Wamatengo, vishimo vimepangwa mlimani kama sega la nyuki, kisha barabara inaanza kuporomoka. Mbinga iko juu ya mita 1,300 na ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo shusha gia, usining'inie kwenye breki. Na ghafla ziwa hilo hapo mbele.

Kutoka hapo kwenda Liuli tulikuta vumbi, na ndipo nilipoanza kuwaza hili ninaloliandika. Kwenye vumbi huendi kasi, kwa hiyo unasimama. Tulisimama kula mbasa wa kuchoma. Tulisimama kuziba pancha. Liuli tulisimama kutazama lile jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani waliliona kama Sphinx wa Misri wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Ni hapo hapo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa mashambulio ya kwanza ya majini ya vita ile, na bado watu wengi wanapita pale bila kujua.

Jioni gesti nilipiga hesabu. Hela zetu za siku ile zilikuwa zimeingia mifukoni mwa watu zaidi ya kumi: mama wa samaki, kijana wa pancha, mwenye mtumbwi, muuza mihogo, mwenye gesti, na wengine. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kaunta ya vioo.

Sasa linganisheni na Unguja. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Si mchezo. Lakini endesha gari upande wa Nungwi na Kendwa uone: kuna sehemu unakwenda na bahari iko mita mia mbili tu, huioni, unaona ukuta wa hoteli, unaisha, unaanza mwingine. Wageni wengi wameshalipia kila kitu huko Ulaya kabla hawajapanda ndege. Utasimama wapi ununue mhogo?

Nyasa bado haijafika huko, ila dalili zipo. Mwezi mmoja baada ya safari yetu, Septemba 2024, Rais Samia alikwenda Mbamba Bay kuweka jiwe la msingi la bandari. Upande wa Lituhi na Kitai kuna makaa ya mawe ya Ngaka, na malori yake ndiyo yatakayoharakisha lami, si mimi na kigari chetu. Barabara ikikamilika nitafurahi, tusidanganyane, mama mjamzito wa Ngumbo anaihitaji kuliko mtalii yeyote. Swali ni viwanja. Kila tulipokaa kunywa soda tulisikia habari za fulani kutoka mjini aliyenunua "kipande cha ufukweni".

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ugawaji wa ardhi upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, si mwenyekiti na rafiki yake chini ya mwembe. Kama vijiji vingepima sasa hivi mialo ya wavuvi na njia za kwenda majini, zikaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla lami haijafika, bei ya kiwanja ikipanda mvuvi atakuwa na karatasi mkononi. Kusubiri lami kwanza ni kumwachia mwenye tofali.

(Anayetaka kwenda: jaza mafuta Mbinga, na kabla ya kuoga ziwani waulize wenyeji kuhusu kichocho, kaa mbali na matete.)

Wadau wa Liuli, Ngumbo na Lituhi, mialo yenu imepimwa? Na mkutano mkuu wa mwisho kujadili ardhi ya ufukweni kijijini kwenu ulikuwa lini?