Mwenzetu Anaposafiri kwa Ndege

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya safari ya ndege ya ndugu asiyeweza kutembea. Sisi tulikosea, na ni afadhali ninyi msirudie kosa letu.

Mwenzetu mmoja wa kikundi, ambaye miguu yake ilipooza kwa polio tangu utotoni, aliitwa na bintiye aliyejifungua mbali. Siku mbili za basi asingeziweza, kwa hiyo tulichanga nauli ya ndege, na wawili wetu tukamsindikiza. Wakati wa kukata tiketi tulisema tu, "Anatumia kiti cha magurudumu." Tulidhani yatosha.

Siku ya safari alisukumwa vizuri hadi chini ya ngazi za ndege. Hapo mhudumu akasema, "Haya mama, panda." Alipoona haiwezekani akatugeukia sisi: "Huyu hatembei kabisa?" Kana kwamba mwenyewe hana kinywa! Wakaitwa vijana wawili wanaopakia mizigo. Mmoja akamshika kwapani, mwingine miguuni, wakapanda naye. Kitenge kikapanda juu ya magoti mbele ya abiria wote. Mwenzetu hakusema neno hadi tulipofika. Wala maji hakunywa, kwa kuogopa kuomba kupelekwa chooni.

Baadaye tuliuliza, tukaelezwa jambo ambalo kila familia yafaa ilijue. Mashirika ya ndege huandika msaada anaohitaji abiria kwa herufi nne. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kufika kitini mwenyewe, ila mwendo mrefu humshinda. WCHS hawezi ngazi, lakini ndani ya ndege hutembea. WCHC hana budi kusaidiwa mpaka kitini. Mwenzetu alikuwa ameandikiwa ile ya kwanza. Basi kosa halikuwa la wale vijana.

Kwa hiyo mnapokata tiketi elezeni kila kitu. Anaweza ngazi? Anaweza kujihamisha kutoka kiti kimoja hadi kingine? Kiti cha kawaida cha magurudumu hakipiti kati ya safu za viti vya ndege. Ombeni kile chembamba chenye mikanda, na gari la kumwinua hadi mlangoni kama uwanja unalo. Semeni angalau saa 48 kabla. Huo ndio muda uliotajwa katika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, ambayo pia yakataza kumtoza abiria pesa kwa msaada huo. Kiti chake mwenyewe kiandikwe jina, na mto wa kukalia aingie nao ndani. Kama kina betri, tajeni ni ya aina gani.

Tena mkimsindikiza, msimjibie maswali. Sisi tulijibu mno.

Safari ya kurudi tulipiga simu siku tatu kabla, tukataja WCHC. Gari la kuinua halikuwapo, ila kiti chembamba kililetwa. Mwenzetu safari hii alivaa suruali chini ya kitenge, na khanga akajifunga juu yake. Kijana mmoja akachuchumaa mbele yake akauliza, "Mama, tukushike wapi usiumie?" Naye akamwonyesha.