Mbwa Hajilambi Bure

Nianze na msimamo wangu, halafu mnibishie kwenye kipindi kijacho. Mbwa anayejilamba miguu asubuhi mpaka usiku mara nyingi hana tabia mbaya, wala hana mawazo. Anawashwa. Na sisi tunaofuga mbwa kwenye nyumba za Kiswahili hapa Birmingham tunachelewa kulijua hilo kwa sababu tumezungukwa na maelezo mawili, na hakuna hata moja linaloanza kwa kuuinua mguu wa mbwa na kuutazama.

La kwanza ni la nyumbani. Mbwa ni mbwa, ndivyo walivyo. Mjomba atakwambia ana njaa, au anajisafisha kama paka, au anadeka tu kwa sababu mnamlaza ndani. La pili utalipata Cannon Hill Park siku ya Jumapili, kwa wenye mbwa wenzetu Waingereza, watu wakarimu kweli, ambao watakwambia kwa upole kwamba mbwa wako ana wasiwasi: anakukosa ukiwa kazini, anahitaji mdoli wa kutafuna, pengine hata mtaalamu wa tabia. Yaani kwa mjomba mbwa hana hisia kabisa, na kwa wale wa bustanini ana hisia tupu. Ngozi haipo kwenye mazungumzo.

Siwadharau wa bustanini. Mbwa anaweza kujilamba kwa upweke au kuchoka kukaa peke yake, hilo lipo. Lakini ni jibu la mwisho, unalifikia baada ya kuondoa mengine. Ukianza nalo, unamnunulia midoli mnyama anayewashwa.

Sasa mimi nina Tui. Ni mweupe pee, nusu teria, nusu Mungu anajua. (Wazo la kwanza lilikuwa kumwita Nazi, kwa weupe wake. Hebu fikiria unaliita hilo jina kwa sauti kubwa katikati ya Moseley.) Weupe wake una faida moja: mate ya mbwa huacha rangi ya kutu kwenye manyoya meupe, kwa hiyo mguu wenyewe unakuambia umelambwa kiasi gani na wapi. Mwenye mbwa mweusi itabidi atumie vidole na pua.

Swali la kwanza, na ndilo muhimu kuliko yote: analamba mguu mmoja au yote? Akikazania mmoja, tafuta kitu kwenye huo mguu. Ukucha uliopasuka, kipande cha chupa, jipu katikati ya vidole, au kiungo kinachomuuma, hasa kama ni mzee. Kuanzia Juni hivi kuna na mbegu za nyasi pori. Mliowahi kwenda likizo kijijini mnaijua kishona nguo, ile mbegu inayoganda kwenye suruali ukakaa jioni nzima unaichomoa. Hizi za huku ni ndugu zake kwa tabia, ila mbaya zaidi: zina ncha ya mbele na vinyweleo vinavyozuia kurudi nyuma, kwa hiyo ikishaingia kwenye ngozi katikati ya vidole inaendelea kwenda ndani. Ukiona uvimbe na tundu dogo linalotoa maji, usichokonoe. Ni kazi ya daktari.

Akilamba yote, au ile miwili ya mbele sawasawa, ndipo unapouliza ni majira gani. Kiangazi tupu: chavua. Mwisho wa Julai mpaka vuli, ukipanua vidole ukakuta vidoti vya rangi ya chungwa kama unga wa bizari: utitiri wa mashambani, na Uingereza unao wa kutosha. Baridi ikiwa kali na halmashauri imemwaga chumvi barabarani: chumvi. Mwaka mzima bila kupumzika: utitiri wa vumbi la ndani, au chakula. Viroboto vipo kwenye orodha kila mwezi, hata kama hujawaona. Na ukisikia harufu nzito kama ya mkate uliovunda, fangasi wameshaingia. Mara nyingi hao hawakuanzisha, wamekuta mguu umelowa wakahamia, na muwasho ukazidi.

Daktari wa wanyama alipotutajia ugonjwa wa Tui, alitumia jina refu lenye asili ya Kigiriki na mama yangu akanigeukia nitafsiri. Wengi wenu mnaijua hiyo kazi, tumeifanya toka tuna miaka minane, kwenye meza za hospitali, benki na shule. Nikasema: ana pumu ya ngozi. Mama akaelewa palepale, na akaelewa vizuri kuliko mimi. Kwa watu wa Tanga, kama kwa Watanzania wengi, hilo ndilo jina la ule ugonjwa wa ngozi wa watoto unaowasha mikunjo ya viwiko, na jina lenyewe linasema jambo la kweli: kwamba ngozi hii na kifua cha pumu ni ukoo mmoja, mwili unaokasirikia vitu ambavyo havina kosa. Kwa mbwa ni hivyo hivyo, ila chavua inayomfanya binadamu apige chafya humwasha yeye miguu, masikio na tumbo. Kiingereza kinaficha huo ukoo ndani ya Kigiriki. Kiswahili kinausema waziwazi, na mama hakuniuliza tena kama ni tabia.

Alichouliza ni hiki: anapona lini? Haponi. Anatulizwa. Kuna vidonge vya Apoquel na kuna sindano ya Cytopoint ya takriban kila mwezi, vyote vinakata muwasho bila mzigo wa steroidi za muda mrefu, na daktari ndiye anayechagua. Sehemu yetu sisi ni ndogo lakini ya kila siku: kumsuuza miguu kwa maji akitoka matembezini, kisha kumkausha, mpaka katikati ya vidole. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi tunapofanya haraka, na unyevu ndio chakula cha fangasi. Usimpake krimu za binadamu, hasa zile nyeupe zenye zinki za vipele vya watoto ambazo ziko kwenye kila kabati la nchi hii. Atazilamba, na zinki ikiingia tumboni ni sumu kwake.

Chakula sasa. Hapa nitagombana na watu. Karibu kila mtu mwenye mbwa anayejilamba anaanza kwa kubadilisha chakula, ananunua mfuko wa bei mbaya ulioandikwa kwamba hauna nafaka. Mzio wa chakula upo, lakini si wa kawaida kama wa chavua na vumbi, na wenye nao mara nyingi hukasirishwa na nyama ya ng'ombe, maziwa au kuku kuliko nafaka. Vipimo vya nywele na mate vinavyouzwa mtandaoni havikuambii kitu cha kutegemea. Kipimo ni kimoja: wiki nane hivi za chakula maalumu alichopanga daktari, bila tonge la pembeni, halafu unarudisha chakula cha zamani uone kama anawashwa tena. Wiki nane. Bila tonge. Kwenye nyumba ambayo kila mgeni humtupia mnyama kitu chini ya meza ili ajisikie amefanya wema! Andikeni karatasi mlangoni mkilazimika. Na hata nje ya hizo wiki nane, mabaki yetu si ya mbwa: vitunguu vya mchuzi na kachumbari, vitunguu saumu, zabibu za kwenye pilau, vyote ni sumu kwao.

Kuna jambo ambalo wenye mbwa wa bustanini hawawezi kutusaidia, nalo ni mate. Waislamu wengi wa pwani ya kwetu ni Washafi, na kwa Washafi mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wana rai nyingine, najua, lakini jaribu kumletea bibi yangu rai ya Wamaliki. Wanazuoni hao hao wa Kishafi wanafundisha kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, inahitaji unyevu. Mbwa anayejilamba kutwa ana miguu minne iliyolowa mate, na anatembea nayo kwenye kapeti. Kwa hiyo vijana wanaposema wazee wanamchukia mbwa, naona hawajasikiliza. Nyumba nyingi zingeweza kuelewana kwa mbwa mkavu, mlango wa chumba cha kuswalia uliofungwa, na taulo. Tukiutibu muwasho tunampunguzia mbwa mateso, na bibi anapunguziwa mashaka. Kumfukuza mbwa jikoni kwa ufagio hakujatibu ngozi ya mtu yeyote.

Pesa ndiyo kikwazo kweli, na sitawadanganya. Bei za madaktari wa wanyama zimefika mahali ambapo mamlaka ya ushindani ya nchi hii, CMA, ilifungua uchunguzi rasmi wa soko hilo mwaka 2024. Kama unapokea baadhi ya ruzuku za serikali, jaribu PDSA, shirika la hisani lililoanzishwa na Maria Dickin London mashariki mwaka 1917 kwa ajili ya wanyama wa watu wasio na uwezo. Wana hospitali Birmingham. Bima nayo, ikate kabla mbwa hajaanza kujikuna, maana bima nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata. Na kabla ya kulipia dakika za daktari, nenda na daftari: tarehe alizolamba sana, miguu ipi, alitembea wapi, alikula nini, na picha za simu za vidole vikiwa vimepanuliwa. Maswali ya robo saa ya kwanza yatakuwa yameshajibiwa.

Tui yuko kwenye sindano sasa. Kutu imebaki kwenye mguu wa kushoto tu, kidogo. Mama alimpigia simu mdogo wake Tanga kumweleza kwamba mbwa wa huku wanaugua pumu ya ngozi kama watoto. Mama mdogo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza bei ya sindano, nikamtajia kwa shilingi, akacheka mpaka simu ikakatika.