Nanosekunde za kutupa

Haya wasomaji, leo nina ugomvi. Kijana mmoja ameniandikia kuniuliza kama auze laptopu yake ili anunue kipokezi cha setilaiti cha bendi mbili, ile ZED-F9T ya u-blox, aitie Raspberry Pi yake saa "sahihi kabisa". Jibu ni hapana. Na waliomshauri hivyo wamemkosea.

Sisemi chombo ni kibaya. Mawimbi ya setilaiti huchelewa yakipita kwenye ionosfea, na kiasi cha kuchelewa hutegemea masafa. Ukisikiliza L1 ya MHz 1575.42 pamoja na L2 ya MHz 1227.60, unapata tofauti kati yake, na kwa tofauti hiyo unakokotoa kuchelewa kwenyewe na kukuondoa. Kipokezi cha bendi moja hukisia tu kwa fomula ya Klobuchar, ambayo huondoa karibu nusu ya kosa. Tena sisi wa ikweta ndio tunaoumia zaidi: mchana, miaka ambayo jua limechachamaa kama 2024, kuchelewa kwenye L1 kunaweza kufika nanosekunde 50 na zaidi. Kwa hivyo mtu asije hapa kuniambia sijui faida yake.

Swali langu ni moja: hizo nanosekunde utazipeleka wapi? Mpigo wa kila sekunde ukigonga pini ya Pi, Linux lazima kwanza iache ilichokuwa ikifanya. Hapo imepotea mikrosekunde moja au zaidi, na si kiasi kilekile kila mara. Mikrosekunde moja ni nanosekunde 1000! Halafu unaigawa saa hiyo kwa NTP kupitia Wi-Fi, ambako tunahesabu milisekunde. Ni kupima chumvi kwa mizani ya sonara kisha kuimwaga kwenye sufuria ya pilau ya harusi.

Na hao mabingwa, waulizeni kama wamewahi kuingiza urefu wa waya wa antena kwenye mipangilio. Mita 10 za waya ni karibu nanosekunde 50, faida yote imekwisha hapo. Wengine antena iko dirishani, chini ya bati! Bendi mbili haziponyi mawimbi yaliyogonga ukuta wa jirani kwanza. Na antena yako ya zamani ya L1 haisikii L2, kwa hivyo unanunua nyingine.

Najua kwa sababu nilinunua. Grafu ya chrony haikusogea hata unywele.

Mwenye saa ya rubidi na kaunta ya kupimia nanosekunde, huyo anunue, na nitamwonea wivu. Wewe kijana baki na laptopu yako. Tafuta kipokezi cha bendi moja chenye pini ya PPS, pandisha antena juu ya paa, kiache siku nzima kijue kilipo. F9T yangu iko kabatini. Siku utakayopata kaunta, njoo nikuazime.