Kijana Anayetaka Kujifunza Ndondi Aanzie Wapi?

Juma lililopita baba mmoja wa mtaa wetu alitujia nyumbani wakati wa jioni, akiwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Mwanawe mwenye umri wa miaka 15 alikuwa ameiandika kwa mwandiko safi, tena kwa utaratibu: glavu za ngozi, viatu virefu vya ulingoni, kaptura ya hariri yenye mistari, kofia ya kukinga kichwa, na joho la kuvaa kabla ya pambano. Baba huyo alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Jumla yake ilipita mshahara wake wa mwezi mzima. «Mwalimu,» akasema, «mtoto huyu hajapiga hata konde moja, naye anataka joho. Nimkatalie?»

Tulimkaribisha kiti, maana swali kama hilo halijibiwi mlangoni. Nasi tunalijibu tena hapa, kwa sababu tunajua si yeye peke yake anayeulizwa hivyo nyumbani mwake.

Katika nchi yetu, mtu akitaja ndondi, mawazo ya wengi hukimbilia Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1952, kwa juhudi za Padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, ambaye leo unaitwa kwa jina lake: Tata Raphaël. Vijana wetu, ambao hata baba zao wengine walikuwa hawajazaliwa, wanaweza kuisimulia raundi ile ya nane kana kwamba walikaa kando ya ulingo. Lakini tumewauliza wanafunzi wetu mara nyingi: pambano lile lilipangwa kufanyika lini? Hawajui. Lilipangwa mwezi wa Septemba. Likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Bingwa wa dunia, mwenye walimu na waganga wake, aliumia katika mazoezi ya kila siku, kabla hata kengele haijalia. Baba anayeulizwa juu ya joho na akumbuke jambo hilo.

Tena, vijana hawakumbuki jinsi Ali mwenyewe alivyoanza. Ilikuwa mwaka 1954, katika mji wa Louisville kule Marekani, naye ana miaka 12. Aliibiwa baisikeli yake. Akaenda kwa askari mmoja, Joe Martin, akilia kwa hasira na kuapa kwamba atampiga mwizi. Askari yule, ambaye alikuwa pia mwalimu wa ndondi, alimjibu kwamba afadhali ajifunze kupigana kwanza. Kwa hiyo mtoto akaja kujifunza. Hatujasikia popote kwamba siku ile ya kwanza alipewa hariri.

Basi, anunue nini? Kitu cha kwanza ni kamba ya kuruka, nayo haihitaji duka. Kamba yoyote nzito kidogo yafaa. Kijana asimame katikati yake kwa mguu mmoja, avute ncha mbili juu: zikifika makwapani, urefu umetosha. Aruke chini chini, kwa ncha za nyayo, dakika tatu, apumzike dakika moja, arudie. Hesabu hiyo ya dakika tatu na moja imo katika sheria zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867 kwa jina la Marquess of Queensberry, na hadi leo raundi nyingi za ndondi huenda hivyo. Mwili ujizoeze mapema. Anayeweza kuruka raundi sita bila kuhema kama mbuzi aliyefukuzwa, huyo ameanza kuwa na miguu, na ndondi ni kazi ya miguu kabla ya kuwa kazi ya mikono.

Kitu cha pili ni bendeji za mikono. Hapa tunaomba ruhusa ya kukawia, kwa sababu vijana huzidharau kuliko vitu vyote. Mkono wa mtu una mifupa 27, mingi ni midogo kama ya kuku, nao haukuumbwa kuwa nyundo. Bendeji ni utepe wa kitambaa wenye upana wa vidole vitatu hivi na urefu wa mita nne au zaidi kidogo. Mama mwenye cherehani aweza kuushona kwa shuka kuukuu. Kijana atanue vidole vyake vyote, avike kitanzi katika dole gumba, azungushe kifundo cha mkono mara tatu, apande hadi juu ya vifundo vya vidole na kuvizunguka mara tatu, apitishe kati ya kidole na kidole, kisha amalizie tena kwenye kifundo cha mkono. Akikunja ngumi, asikie mkono umeshikana kama kitu kimoja. Akikunjua, vidole visigande wala kupauka, maana hapo amekaza kupita kiasi na damu haipiti. Mwanzoni itamchukua robo ya saa, naye atanung'unika. Mwacheni anung'unike.

Na hiyo ngumi yenyewe? Dole gumba likae nje, juu ya vidole, wala lisifunikwe ndani: anayelifunika atalivunja. Kifundo cha mkono kinyooke sawa na mfupa wa mkono. Kinachogonga ni vifundo viwili vya kwanza, vya kidole cha shahada na cha kati. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mguu wa kushoto huwa mbele, kisigino cha nyuma huinuka kidogo, kidevu huinama, mikono miwili hukaa mashavuni. Konde la kwanza kujifunza ni lile la mkono wa kushoto linalonyooka mbele na kurudi upesi shavuni. Juma zima kwa konde moja, mbele ya kioo au mbele ya kivuli chake ukutani. Anayechoka na konde hilo katika siku ya pili, hiyo ni dalili kwamba alikuja kwa ajili ya joho.

Glavu huja baada ya hayo. Hupimwa kwa aunsi: aunsi 12 ni kama gramu 340, na aunsi 16 ni kama gramu 450. Vijana hutaka ndogo, kwa kuwa wanaona zinapiga kwa ukali. Watu wazima wanaojaribiana na wenzao mazoezini wamezoea kuvaa za aunsi 16, na sababu yake ni nzuri: sponji nyingi humwokoa mwenzako. Kwa kijana wa kawaida anayepiga gunia, 10 au 12 zatosha. Wanaoshindwa kununua wachange watu watatu au wanne na kuzitumia kwa zamu, lakini kila mmoja aje na bendeji zake mwenyewe, zilizofuliwa. Zikiisha kutumika, zifunguliwe midomo, zijazwe karatasi za gazeti kuukuu, zitundikwe kivulini penye upepo. Katika nchi yetu ya mvua, glavu iliyofungiwa ndani ya mfuko huota ukungu, na harufu yake humfukuza hata mwenyewe.

Gunia la kupigia lisijazwe mchanga. Tumeona kosa hili mahali pengi. Mchanga huteremka chini na kushikana kama jiwe, na kijana anayelipiga huharibu kifundo cha mkono. Jazeni vitambaa vilivyokatwa katwa, mkivishindilia kidogo kidogo. Kama hakuna gunia, matairi makuukuu ya gari, yakifungwa pamoja na kutundikwa, yametumika katika miji yetu kwa miaka mingi. Viatu virefu na kaptura vingoje. Joho halina kazi yoyote.

Wako wazazi wanaotuuliza habari za mabinti. Wanawake walipigana ndondi katika mashindano ya Olimpiki kwa mara ya kwanza kuhesabiwa medali zao mwaka 2012, London. Njia ya kuanza ni hiyo hiyo, na kamba ni ile ile.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Yote tuliyoyataja mpaka hapa, kijana anaweza kuyafanya miezi mitatu au minne bila kupigwa hata mara moja, na ndivyo ipasavyo. Siku atakaposimama mbele ya mwenzake, awe na kinga ya meno. Zile za kawaida hulainishwa katika maji ya moto na kuumwa ili zipate umbo la meno yake mwenyewe. Kwa hiyo haziazimwi kamwe, hata kati ya ndugu. Awe na kinga ya kiunoni pia, na kofia ya kichwa. Ila kuhusu kofia, msidanganyike. Huzuia kuchanika na kuvimba. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, kama vile ganda la yai lisivyozuia kiini kucheza ndani yake. Madhara ya mitikisiko hiyo inayorudiwa si habari mpya: daktari Harrison Martland aliyaandika huko Marekani tangu mwaka 1928, alipoeleza habari za mabondia waliotembea kama walevi bila kunywa pombe.

Tunalisema hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na zamu ya kuwaangalia wanafunzi wa bweni mahali fulani, na vijana walianzisha ndondi siku za Jumamosi. Tulifurahi, kwa kuwa ugomvi wa vyumbani ulipungua. Kijana mmoja mpole, aliyekuwa na majuma mawili tu ya mazoezi, alipigwa konde la pembeni ya kichwa. Hakuanguka. Alisimama, akapepesa macho, akatuambia: «Si kitu, Mwalimu.» Wenzake walishangilia ushujaa wake. Nasi tukamwacha aendelee raundi nyingine. Jioni alitapika mara mbili, naye hakuweza kukumbuka somo la asubuhi, wala hata kama kulikuwa na somo. Tulimpeleka hospitali kwa baisikeli, tukimshikilia kiunoni njia nzima. Alipona baada ya majuma mengi, lakini ilikuwa sisi tuliomwandikia mama yake barua ile, na tuliirarua mara tatu kabla ya kuimaliza.

Kwa hiyo sikieni vizuri, ninyi mnaosimamia vijana. Aliyepigwa kichwani, akiumwa na kichwa, akitapika, akisahau, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, au akijibu maneno yasiyofuatana, avuliwe glavu saa ile ile na kupelekwa kwa mganga. Haulizwi kama anaweza kuendelea. Atasema anaweza, kwa kuwa wenzake wanamtazama. Hata akiamka kesho yake mzima, konde la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kumwua. Sheria za ndondi za ridhaa humzuia bondia aliyeangushwa kwa kupigwa kichwani asirudi ulingoni kwa siku 30 kwa uchache, na ikiwa alizimia, muda huongezwa. Kama mashindano makubwa yanafanya hivyo, uwanja wetu wa nyuma ya darasa una haki gani ya kuwa na haraka?

Kabla ya kununua chochote, baba aende mwenyewe kumtazama mwalimu wa ndondi akifundisha. Asitazame vikombe vilivyopangwa ukutani. Atazame wageni wa juma la kwanza wanafanya nini. Wakiwa wanaruka kamba, vema. Wakiwa wanapigana na wakubwa ili wengine wacheke, amshike mwanawe mkono warudi nyumbani. Atazame pia kama mwalimu huyo anajua kusema «basi» katikati ya makelele.

Yule baba aliondoka kwetu na karatasi ile ile, tukiwa tumefuta karibu mistari yote na kuandika miwili juu yake: kamba, na bendeji mbili. Glavu tuliziwekea tarehe, miezi miwili mbele, iwapo kamba haitaachwa. Juzi tulipita penye kiwanja chao kabla ya Misa ya asubuhi. Kijana alikuwa anaruka, kuku wa jirani wamekimbilia uani, na dada yake mdogo amekaa juu ya ndoo akimhesabia dakika kwa saa ya baba yao. Alipotuona hakusimama. Alituuliza tu, kwa pumzi fupi, kama joho limefutwa kabisa.