Asis Si Isis

Huku Soin, chai ikimiminwa mara ya pili, wazee hawachelewi kufika Misri. Sisi Wakipsigis, wanasema, tulitoka huko. Ushahidi ni Asis, Mungu wetu, ambaye eti ndiye Isis wa mafarao. Lakini "Isis" ni ulimi wa Wagiriki. Wamisri wenyewe waliliandika jina hilo na t mwishoni, kitu kama Aset, na mungu wao wa jua alikuwa Ra. Asis wetu ndiye jua, asista. Sauti zimefanana kwa bahati, basi.

Wengine hupita Misri: eti sisi ni damu moja na Israeli na Moabu, kwa kuwa tunatahiri. Hata Wabukusu wanatahiri, nao ni Wabantu. Mimi huwaambia tuhesabu. Moabu alituachia jiwe la mfalme Mesha, la karne ya 9 kabla ya Kristo, lililoonekana Dhiban, Yordani, mwaka 1868. Humo mna "miaka arobaini", na neno lenyewe karibu ulisikie: ni ndugu wa arobaini yetu ya Kiswahili, tuliyoipata kwa Waarabu. Sasa hesabu Kikipsigis: agenge, aeng', somok, ang'wan. Nenda Sondu, mpakani, umuulize mama Mjaluo anayepima omena kwa gorogoro, nne anaitaje. Ang'wen! Ndugu yetu ni huyo, na amekuwa hapo siku zote. Kumi yetu, taman, ndiyo tuliyoiazima kwa Wakushi. Warendille husema tomon. Ila kuazima jembe hakukufanyi mtoto wa jirani.

"Lumbwa" nalo si jina letu la asili. Wamasai waliwaita hivyo watu wa kulima, Wazungu wakalibeba wakatuita sisi, wakaliandika hata kwenye stesheni ya reli ambayo leo ni Kipkelion. Moabu alitendwa vivyo hivyo: Mwanzo 19 inasema mimba yake ilitungwa pangoni, kwa aibu, na wasimulizi ni jirani zake. Kwenye jiwe lake hakuna pango. Kuna Mesha, mfalme wa Moabu, mtu wa Diboni.

Na Kalenjin hakuwa babu wa mtu. Ni "nakwambia", neno la mtangazaji wa redio wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambalo wasomi wetu walilishika miaka ya 1940.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliweka kikombe chini taratibu.

"Kalenjin," akasema, "tulitoka Misri."